Dada Yetu na Vibao vya Mtaa

Ndugu na jamaa, majirani, wafanyakazi wenzake wa zamani, na nyote mlioacha shughuli zenu leo ili kumsindikiza dada yetu: familia imenipa mimi, mdogo wake wa kiume, kazi ya kuwasomea maisha yake. Kazi hii ingemfaa yeye mwenyewe. Nyumbani kwetu sauti ilikuwa yake. Sisi wengine tulikuwa na makelele tu. Kwa hiyo mtanivumilia nikikwama mahali.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa kifungua mimba wa watoto wanne. Baba yetu alikuwa mchochea moto wa matanuri ya kiwanda hicho, na mama yetu alishona mashuka ya hospitali kwa cherehani iliyochukua robo ya chumba. Mama alikuwa kwenye cherehani tangu kunapopambazuka, hivyo kuogeshwa, kulishwa na kuchapwa kidogo pale ilipobidi, vyote tulivipata kwa dada. Wakati mmoja mimi, kitinda mimba, nilijificha ndani ya pipa tupu la kiwandani kwa sababu sikutaka kuoga. Watu wazima walinitafuta wakihangaika huku na kule. Dada akaja, akasimama katikati ya yale mapipa, akasema kwa upole kama anayeongea na mtu aliyekaa karibu naye, "Maji yanapoa." Nikatoka mwenyewe. Hakuwa na haja ya kupiga kelele. Sauti yake ilikuwa inakufikia ulipo.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa karibu na reli kuanzia mwaka 1964, kisha sekondari ya wasichana, akamaliza kidato cha nne mwaka 1974. Hesabu zilimpiga chenga, na yeye hakuona haja ya kuzikimbiza. Lakini mwalimu mkuu alimteua kusoma matangazo ya asubuhi, na inasemekana wasichana walioadhibiwa waliondoka mstarini wakiwa wametulia, kwa jinsi majina yao yalivyosomwa vizuri. Mwaka uliofuata alipata mafunzo ya upokeaji simu.

Tarehe 5 Januari 1976 aliajiriwa katika hospitali kuu kama opereta wa simu, na hapo alibaki mpaka alipostaafu mwaka 2012. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, hakina dirisha, kina feni iliyokuwa ikipepea upande mmoja tu. Wengi wenu hamkuwahi kuiona sura yake enzi hizo, ila mliijua sauti: "Hospitali kuu, habari yako. Subiri kidogo, nakuunganisha." Ndipo akapata jina la Nakuunganisha, ambalo lilimfuata mpaka sokoni. Alipokuwa akiomba apunguziwe bei, muuzaji alimjibu, "Nakuunganisha, leo hata ukiniunganisha na nani, bei ni hiyohiyo."

Kulikuwa na jambo moja katika kazi ile ambalo hakulizoea kamwe. Opereta hakuruhusiwa kutoa habari za mgonjwa. Kazi yake ilikuwa kuunganisha na wodi. Lakini habari za wodi zilimfikia mapema, maana manesi walipita mlangoni kwake wakienda na kurudi. Alituhadithia juu ya mwanamume mmoja aliyekuwa akipiga kila asubuhi kuulizia hali ya mkewe, na kila mara alianza kwa kumuuliza opereta, "Na wewe dada, umeamkaje?" Asubuhi moja dada aliipokea simu ile akiwa tayari anajua kwamba mke ameaga. Akamwambia, "Nimeamka salama, kaka yangu. Subiri kidogo. Leo nitasubiri pamoja nawe." Akabaki kwenye laini mpaka nesi wa zamu alipopokea. Alisema yule bwana alimjibu, "Ahsante. Nimekuelewa." Dada alikuwa akifika hapo kwenye hadithi anainuka na kutafuta kitu cha kufanya jikoni.

Mwaka 1980 mitambo ya simu ilianza kuharibika mara kwa mara, na fundi umeme wa hospitali akawa haishi kuitwa kule chini ya ngazi. Alikuwa kijana mpole, mwenye bisibisi sikioni pale ambapo wenzake waliweka kalamu. Baada ya miezi kadhaa msimamizi akashangaa: waya uleule, unalegea kila Ijumaa? Fundi akaulizwa, akatazama chini, akasema, "Mzee, waya hauna neno. Mimi ndiye mwenye neno, sijajua pa kuanzia." Dada alikuwa amevaa vifaa vya masikioni, lakini alisikia. Walifunga ndoa tarehe 22 Agosti 1981.

Shemeji aliijenga nyumba yao kwa mkono wake, chumba baada ya chumba, ile ya kona mnayoijua, yenye swichi nyingi kuliko taa. Humo wakalea watoto watatu: wa kiume mmoja na wa kike wawili. Shemeji alifariki mwaka 2009. Dada alivaa nguo za msiba, akamaliza siku zake za likizo, akarudi chini ya ngazi. Tulipomsihi apumzike zaidi alisema, "Nikae nyumbani nisikilize nini?"

Sasa niwaelezee habari za picha, kwa kuwa tangu juzi watu wananiuliza.

Alipostaafu, daktari alimwambia atembee kila asubuhi kwa ajili ya presha, na binti yake wa kwanza akamnunulia simu yenye kamera. Mimi nilikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Niliweza kumaliza miezi bila kukanyaga mtaani kwetu. Dada akaanza kunitumia picha. Hakupiga picha za watu wala maua. Alipiga vibao na maandishi ya kwenye kuta. Nilikuwa nikifungua simu kwenye maegesho ya malori, mgongo umekufa ganzi, naona: FUNDI YUPO. KAMA HAYUPO ANAKUJA. Au: MBWA MKALI, MWENYE NYUMBA ZAIDI. Au kile cha kinyozi: TUMEHAMIA MLANGO WA PILI. WA KWANZA NI WA MAMA MKWE, USIBISHE. Nilicheka peke yangu mpaka utingo wangu akadhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Mtaani mwanzoni walimtilia shaka. Seremala wa njia panda, ambaye yupo hapa leo na ndiye aliyelitengeneza sanduku hili, alimfungia njia siku ya kwanza.

"Mama, unatoka manispaa?"

"Natoka nyumbani kwangu, pale kona."

"Sasa kibao changu kimekosa nini?"

"Hakijakosa kitu. Nampelekea mdogo wangu, yuko safarini. Asije akasahau kwao kukoje."

Seremala alifikiri kidogo, akatoa kitambaa akakifuta kibao vumbi, akasema, "Basi piga tena. Hiyo ya kwanza kilikuwa hakijanawa."

Hivyo ndivyo alivyoishi kwa miaka saba. Kila rangi mpya iliyopakwa ukutani, kila karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo, aliipata kabla ya mvua kuiwahi.

Asubuhi ya tarehe 19 Agosti 2019, binti yake kitinda mimba alimkuta ameanguka jikoni, birika likiwa bado motoni. Kilikuwa kiharusi. Alipozinduka hospitalini, mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelala, na maneno yalikuwa yameondoka. Daktari alituita pembeni, akatueleza kwamba anatuelewa vizuri, akili yake ni ileile, isipokuwa njia ya kuyatoa maneno imekatika. Kuandika hakuweza. Kusoma nako kulikwenda. Tulipompa gazeti alilitazama kama mtu anayetazama sisimizi wakipita. Alibakiwa na neno moja tu, "kidogo". Ukimwuliza kama ana njaa, kidogo. Ukimwuliza kama anaumwa, kidogo. Ukimwambia wajukuu wamekuja, kidogo, huku machozi yanamtoka.

Ndugu zangu, sina maneno ya kueleza miezi ile. Mtu aliyeishi kwa sauti yake, tukamwona anafungua kinywa, anasubiri, anakifunga. Mara moja alirusha kikombe ukutani. Kisha akaacha hata kujaribu. Wageni walikuja, wakamsemesha kwa sauti ya juu kama wanaomwambia mtoto, wakaondoka wakitikisa vichwa. Nilipompigia simu kutoka njiani, kitinda mimba alimwekea sikioni, nami nikawa nasikia pumzi zake tu. Nilizungumza peke yangu habari za barabara na matairi, kisha nikakata, nikakaa kwenye usukani bila kuwasha gari.

Kitinda mimba, ambaye alikuwa ameacha kazi yake ya dukani ili amuuguze, alikuwa akimpa simu yake ya zamani apitishe muda. Dada aliishika kwa mkono wa kushoto na kuzisogeza picha kwa kidole gumba, mchana kutwa. Siku moja mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa anamnyoosha ule mkono wa kulia, na alikuwa kijana mwenye nguvu kupita mahitaji. Dada akasogeza picha, akasogeza, akamwinulia simu usoni. Ilikuwa picha ya mlango wa seremala: USIGUSE, RANGI MBICHI.

Kijana akauachia mkono. Kitinda mimba akacheka, akalia, akapiga magoti mbele ya kiti. "Mama, umesema! Umesema, mama!"

Dada akajibu, "Kidogo," na yeye akacheka kwa ule upande wa uso uliokuwa mzima.

Herufi alikuwa hazijui tena, lakini vibao vyake alivijua kama unavyoijua sura ya mtu wako: ukuta wa bluu, mkono uliopinda wa aliyeandika, kona iliyobanduka. Alikumbuka kila kimoja kilisema nini. Kuanzia siku hiyo nyumba ile ikapata lugha. Alipotaka maji alionyesha bomba la shule, MAJI YA KUNYWA. Jino lilipomsumbua alionyesha kibao cha daktari wa meno. Wageni walipozidisha, alionyesha TUMEFUNGA, KARIBU KESHO, na ikabidi watu waondoke wakicheka. Jirani yake wa ukuta mmoja, aliyekuwa akija kumsengenyea watu, alionyeshwa USITUPE TAKATAKA HAPA. Alinuna wiki nzima, kisha akarudi, maana hakuna mahali pengine aliposikilizwa vile.

Kulikuwa na picha moja ambayo kitinda mimba hakuielewa upesi. Ilikuwa ya kibanda fulani chenye maandishi ya chaki: FUNDI UMEME AMETOKA. Mara ya kwanza mama yake alipomwonyesha, binti aliinuka akakagua swichi zote, akawasha taa, akazima, akapanda kiti akaangalia balbu ya sebuleni. "Umeme upo, mama. Kila kitu kinawaka." Dada akatikisa kichwa. Akaigonga picha kwa kidole, kisha akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea ukutani, ilikotundikwa picha ya harusi yao. Binti akashuka kwenye kiti. Walikaa pamoja bila kuonyeshana picha nyingine jioni ile.

Picha za zamani hazikutosha. Kitinda mimba akaanza kumtoa mitaani kwa kiti cha magurudumu, na dada akapiga nyingine kwa mkono wa kushoto, nyingi zikiwa zimeenda mrama. Safari hii hakuwa anatafuta vya kumchekesha dereva. Alikuwa anatafuta maneno. Watu wa mtaa walikuwa wakimwita, "Nakuunganisha, pita huku, kuna kipya!" Seremala aliuliza kwa wasiwasi, "Hivi mama hana picha ya kunitukana? Maana kile kitanda chake nilikichelewesha." Akaonyeshwa kibao cha kituo cha polisi. Kitanda kililetwa kesho yake.

Mwezi Mei 2021 kulikuwa na kikao cha familia sebuleni kwake. Yaliyotokea pale nilitaka kuyaruka, lakini mpwa wangu mkubwa, kifungua mimba wa marehemu, ameniambia, "Mjomba, usiyaruke. Yasome." Basi nayasoma.

Mpwa wangu alikuwa na nia njema. Anaishi mji mwingine, alikuwa na hofu ya mama yake na zile ngazi za mlango wa mbele, na mdogo wake mwenye kuuguza alikuwa amekonda. Alikuwa amempata mtu wa kuinunua nyumba. Mama angehamia kwake, na kitinda mimba angerudi kwenye maisha yake. Tulikuwa saba sebuleni, tukizungumza kwa upole, kila mtu akisema mama atafanyiwa hiki, mama atapelekwa pale, naye amekaa katikati yetu kama meza. Kidole gumba chake kilikuwa kinatembea kwenye simu. Tulidhani anajiliwaza.

Mpwa akasema, "Mama mwenyewe hawezi kusema lolote. Ni sisi tuamue kwa niaba yake."

Dada akainua simu.

Ulikuwa ukuta mweupe wenye rangi nyekundu iliyochuruzika: NYUMBA HII HAIUZWI.

Mpwa alicheka kidogo. "Mama, hiyo ni picha tu ya mtaani."

Hakuishusha. Kitinda mimba akataka kumshikia, dada akamkwepa. Alimtazama mwanawe. Kisha akaizungusha simu taratibu, akamwonyesha kila mmoja wetu, mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika kwangu. Nimeendesha malori kwenye milima na gizani, lakini sijawahi kuogopa kutazama mbele kama nilivyoogopa wakati ule.

"Sawa, mama," mpwa akasema. "Haiuzwi."

Aliondoka siku ileile, na kwa miezi mingi hakuja, alipiga simu tu. Tuseme ukweli, aliumia; aliona juhudi zake zimekataliwa mbele ya watu. Mwezi Desemba alirudi bila kutuarifu, na mifuko ya saruji nyuma ya gari. Alivua shati, akavunja ngazi za mlango wa mbele, akajenga mteremko wa kiti cha mama yake, mama akimsimamia kutoka kibarazani. Ulipokauka alimsukuma juu na chini mara kadhaa, watu wazima wawili, wakicheka kama watoto kwenye bembea. Dada hakumwonyesha picha yoyote. Alimshika kichwa tu kwa mkono wake mmoja, akakivutia kifuani.

Mwishoni mwa mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Alilazwa tarehe 2 Februari 2025 katika hospitali ileile aliyoitumikia. Tulimpitisha mbele ya chumba cha chini ya ngazi. Siku hizi ni stoo ya mifagio. Aliutazama ule mlango mpaka tulipokata kona.

Wengi mmeniuliza picha yake ya mwisho ilikuwa ipi, alituachia neno gani. Nami ningependa kuwapa. Asubuhi ya Jumanne tarehe 11 Februari kitinda mimba alimwekea simu mkononi kama kawaida. Dada aliisukuma pembeni, juu ya shuka. Binti akamrudishia, akidhani imemteleza. Akaisukuma tena, akamshika binti yake kifundo cha mkono. Hakutaka kusema kitu. Kitinda mimba akamsimulia mambo ya nyumbani, kwamba dirisha la jikoni limepata kioo, kwamba jirani anamsalimu, na mimi nimesimama upande wa miguu nasikiliza. Aliendelea kumsimulia hata baada ya ule mkono kulegea, kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia aache.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa wodi ile, na majirani ambao hamkuchoka kuitwa. Kwako wewe kitinda mimba, sisi wakubwa wako tunasimama mbele ya watu hawa kukushukuru. Mama yako alisikika kwa sababu wewe ulikaa ukamsikiliza.

Marehemu ametanguliwa na mumewe, wazazi wetu na ndugu zetu wawili. Ameacha watoto watatu, mkwe wa kike na mkwe wa kiume, wajukuu watano, na mimi mdogo wake, niliyebaki peke yangu kati ya wale wanne wa nyuma ya kiwanda.

Mwenyezi Mungu amlaze dada yetu mahali pema penye utulivu, na sisi atupe nguvu ya kurudi nyumbani leo bila yeye.